'Wa' si pambo: tusiyakate majina yetu

Majuzi mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alinijia nyumbani akiwa na bahasha ya kaki mkononi na uso wa mtu aliyezungushwa kutwa nzima. Amepata kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na siku hiyo alikuwa amepeleka stakabadhi zake katika afisi moja mjini ili aingizwe katika orodha ya mishahara. Karani alizipanga mezani, akazikagua moja baada ya nyingine, kisha akamwambia kwamba mbele yake hakuona mtu mmoja. Aliona watu watatu.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina lake, kisha neno "wa", kisha jina la mama yake. Cheti cha shule ya upili kilikuwa kimeligandamiza neno hilo kwenye jina la mama, pakazuka jina jipya ambalo hakuna aliyepata kuitwa katika ukoo wetu mzima. Cheti cha chuo nacho kilikuwa kimelitupa "wa" kabisa, kana kwamba ni kosa la mpiga chapa. Karani akamtaka alete hati ya kiapo, iliyopigwa muhuri na wakili, kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni yeye peke yake. Kisha akamshauri, tena kwa nia njema: "Dada, si uliondoe tu hili 'wa'? Ni herufi mbili tu."

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza akiwa bado amesimama mlangoni, "kwani 'wa' ni nini hasa? Nikiliondoa nitapungukiwa na nini?"

Nilimkaribisha chai nikamwomba anipe siku chache. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nami nikaona haya kwamba swali rahisi namna hiyo sikuwa na jibu lake papo hapo. Makala haya ndiyo jibu langu. Nayaandika hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la afisi akiulizwa kama yeye ni yeye.

Tuanze na sarufi. "Wa" ni kile ambacho walimu hukiita a-unganifu. Sauti ya msingi ni "a", na kinachoitangulia ni kipatanishi cha ngeli. "Ki" ikikutana na "a" huzaa "cha": kitabu cha Juma. "Li" ikikutana na "a" huzaa "la": shamba la Juma. "I" ikikutana na "a" huzaa "ya": nyumba ya Juma. "U" ikikutana na "a" huzaa "wa": mtoto wa Juma. Mpango huu si wa Kiswahili peke yake. Umeenea katika lugha za Kibantu, ndiyo maana Mkikuyu, Mkamba na Mgiriama wote hulitambua "wa" bila kufundishwa.

Katika mifano hiyo mna jambo ambalo hutupita kila siku. Neno hili halipatani na Juma. Linapatana na kile kilichotajwa kabla ya Juma. Kwa hiyo katika jina la mtu, anayelitawala "wa" ni mwenye jina, wala si mzazi anayetajwa baadaye. Mzazi huja nyuma kama ushahidi, mwana akatangulia. Wanaodhani kwamba neno hili humfanya mtoto kuwa mali ya baba hawajalisikiliza vyema. Tunasema mwalimu wa Juma, mkwe wa Juma, jirani wa Juma, hata adui wa Juma. Ni nani atakayedai kwamba Juma anawamiliki hao wote? "Wa" hutaja uhusiano, na uhusiano una pande mbili.

Kwetu Murang'a neno hili lilikuwa na kazi ya kila siku. Desturi yetu ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba, kisha zamu huenda kwa upande wa mama. Matokeo ya desturi hiyo ni kwamba majina yale yale hurudi kizazi baada ya kizazi. Katika kigongo kimoja utawakuta akina Kamau kumi. Ukisimama bondeni ukaita "Kamau!" watageuka wote. Hapo ndipo "wa" liliposaidia: huyu ni Kamau wa Njoroge, yule ni Kamau wa Mwangi. Na pale mzee alipokuwa na wake wawili au watatu, jina la baba halikutosha kuwatenganisha watoto, basi wakatajwa kwa mama zao: Kamau wa Wanjiku, Kamau wa Nyambura. Hakuna aliyeona aibu. Hata rais wa kwanza wa taifa hili, kabla ya kujulikana kama Jomo Kenyatta, alikuwa Kamau wa Ngengi.

Aidha, neno hilo halikumfuata baba au mama peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Murang'a ilikuwa na kiongozi mwanamke ambaye jina lake bado linatajwa, Wangu wa Makeri. Makeri hakuwa baba yake. Alikuwa mume wake. Baba, mama, mume: neno ni lile lile, na jamii iliyomjua mtu ndiyo iliyojua ni uhusiano gani uliokusudiwa.

Kazi ya ualimu ilinitoa Murang'a ikanizungusha nchi hii, na kila nilikohamishiwa nilijifunza upya kusoma rejista. Bungoma nilifika nikiwa kijana mwenye kujiamini. Siku ya kwanza nikaita, "Wanjala!" na kwa kuwa masikio yangu yalizoea Wanjiru, Wambui na Wangari, nikaongeza, "Simama, binti, tukuone." Akainuka mvulana mrefu aliyekaribia kugusa boriti kwa kichwa. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya.

Baadaye wazee wa huko walinifafanulia. Kwa Wabukusu, Wa- mwanzoni mwa jina mara nyingi ni alama ya mwanamume, na Na- ni ya mwanamke. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Wakati wa mvua, Wafula au Nafula. Wakati wa mavuno, Wekesa au Nekesa. Kwetu Wa- hufungua majina ya binti wengi, ingawa wapo wanaume pia, akina Waweru na Wachira, na yule Waiyaki wa Hinga aliyefia Kibwezi mwaka 1892 akiwa mateka wa wakoloni. Mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, Profesa Wangari Maathai, alieleza kwamba jina lake limetokana na chui, ngari, kwa hiyo Wangari ni "wa chui". Silabi moja, makao mengi. Asiyejua lugha ya mwenye jina hawezi kukisia akafaulu, na njia salama ni kumwuliza mwenyewe.

Kutoka Bungoma nilipelekwa Kilifi. Huko nililikuta "wa" likifanya kazi ile ile ya kwetu, lakini nikakutana na kiambishi ambacho sikukijua. Kila mwanafunzi wa Kenya amesoma habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza katika miaka ya 1913 na 1914. Wengi wetu hulikariri jina hilo bila kulifungua. Alipozaliwa aliitwa Mnyazi, binti wa Menza. Alipojifungua mwanawe Katilili, akaitwa Mekatilili. "Me-" ni mama wa. Basi katika jina moja mna mtoto mbele na baba nyuma, na mama yule katikati amewashika wote wawili mikono. Ukilifupisha likawa "Bi Menza", kama fomu nyingi zinavyotaka, utakuwa umemfuta mwana na umemgeuza binti kuwa baba yake.

Waswahili wa pwani nao wana "bin" na "binti", walivyovipokea kutoka Kiarabu. Malenga wa Mombasa, Muyaka, alikuwa bin Haji. Mwana Kupona, aliyemwandikia bintiye utenzi wa mawaidha katika karne ya 19, alikuwa binti Mshamu. Hapa lugha imechagua kutaja jinsia ya mwana, jambo ambalo "wa" haliangalii.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nandi. Lugha ya huko si ya Kibantu, na nilidhani kwamba hatimaye nimefika mahali ambapo "wa" halina ndugu. Nilikosea. Wakalenjin wana "arap", yaani mwana wa, ambalo kwa desturi kijana hulipata baada ya kutahiriwa na kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Na kuna kanuni ya kupendeza: jina la baba likifuata "arap", aghalabu huvuliwa kiambishi chake cha mwanzo. Baba yake rais wa pili wa Kenya aliitwa Kimoi. Mwana akawa Daniel Toroitich arap Moi. Viambishi Ki- na Kip- huonyesha mwanamume, na Che-, Chep-, Je- au Jep- mwanamke, japo wapo wanaume kama Cheruiyot ambao humfundisha mgeni asifanye haraka. Wamaasai wana "ole", na jamaa zao Wasamburu wana majina mengi ya ukoo yanayoanza na Le-, kama vile Lekuton.

Wajaluo nao hutenganisha kwa O- na A-: Otieno na Atieno waliozaliwa usiku, Okoth na Akoth waliozaliwa kwenye mvua. Hapa pia kanuni ina milango yake, kwani mpigania uhuru mashuhuri Achieng' Oneko alikuwa mwanamume. Sasa hebu tazama mvua hiyo. Mtoto wa Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth, wa Mbukusu ni Wafula, wa Mkalenjin ni Kiprop, na binti wa Mkamba ni Mumbua. Huenda wote wanne walizaliwa siku moja chini ya wingu moja.

Ikiwa mambo ni hayo, maneno haya yalianza kupotea vipi? Yalipotea kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, na jina lake likaandikwa na mtu ambaye aghalabu hakuijua lugha yake. Katika majalada ya mahakama za enzi hizo utakuta watu wameandikwa jina, kisha s/o, kisha jina la baba. Herufi hizo za Kiingereza ni ufupisho wa "mwana wa". Ni kusema, karani wa mkoloni alielewa barabara kwamba pana neno la uhusiano; alichofanya ni kulitoa la kwetu akaweka lake.

Mfano wa wazi zaidi ni ile kesi ya Wamaasai ya mwaka 1913, waliposhtaki serikali ya kikoloni kwa kuhamishwa kutoka Laikipia kinyume cha mapatano ya mwaka 1904. Mshtaki wa kwanza alikuwa Murket ole Nchoko. Katika vitabu vya sheria ameandikwa "Ol le Njogo": jina lake mwenyewe halipo, "ole" imepasuliwa vipande viwili, na jina la ukoo limepotoshwa. Mwenzake, kiongozi ole Gilisho, huku akageuzwa kuwa Legalishu. Watu hao walikwenda mahakamani kudai ardhi. Kesi ilitupwa, na hata majina yao hayakurudi mazima.

Kanisa na shule vikaongeza jina la ubatizo mbele, jina la baba likasukumwa nyuma kuwa jina la ukoo kwa mtindo wa Ulaya, na "wa" lililokuwa katikati likakosa pa kukaa. Mwandishi aliyetoa riwaya ya Weep Not, Child mwaka 1964 aliitwa James Ngugi. Aliyetoa Petals of Blood mwaka 1977 alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mtu ni yule yule, aliyefariki mwaka 2025 akiombolezwa duniani kote. Alipolikataa jina la James alilirejesha pia lile neno dogo, na kwa kulirejesha alisema kwamba yeye hana jina la ukoo la Kizungu, ana baba.

Hadi leo wako wahariri wa nchi za nje, na wa kwetu pia, ambao humwita "Bwana wa Thiong'o". Mswahili akisikia hivyo hucheka, kwa sababu bwana wa mtu ni mumewe au tajiri wake. Maktaba kubwa za ulimwengu zimekuwa na busara zaidi: humworodhesha chini ya herufi N, jina zima bila kulikata. Ikiwa mkutubi wa mbali ameweza, karani wa hapa ana udhuru gani?

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu, nami sitaki kuzikwepa. Ya kwanza ni ya kompyuta. Tunaambiwa kwamba mashine ina visanduku vitatu, jina la kwanza, la kati na la mwisho, na "wa" haliingii popote. Kadhalika alama ya ritifaa katika Ng'ang'a, Lang'at au M' ya Wameru husemekana kuitatiza. Lakini mashine haikuumba visanduku hivyo. Viliumbwa na mtu aliyekuwa akiwafikiria watu wa kwao. Iceland ni nchi yenye kompyuta tele, na raia wake walio wengi hawana majina ya ukoo. Huitwa kwa jina lao na la baba, au la mama wakipenda, likiongezwa kitamkwa cha "mwana" au "binti", na katika kitabu cha simu walipangwa kwa jina lao la kwanza. Nchi hiyo haijawahi kupotezana na watu wake.

Hoja ya pili ni nzito, na naitaja kwa uchungu. Wapo wanaosema kwamba "wa", "arap" na "ole" ni bendera za ukabila, na kwamba afadhali zishushwe. Hawasemi ovyo. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2008 kuna Wakenya waliosimamishwa barabarani wakatakiwa kuonyesha vitambulisho, na majina yao yakawa hukumu. Nawajua watu ambao tangu siku hizo hujitambulisha kwa majina ya ubatizo pekee. Siwalaumu. Lakini aliyeua hakutumwa na neno. Na lau tungefundishwa maana ya maneno haya, tungegundua kwamba tulikuwa tukiwindana kwa sababu ya kitu ambacho sote tunacho. "Wa" la Mkikuyu, "arap" la Mkalenjin, "ole" la Mmaasai na "bin" la Mswahili yote husema jambo moja: huyu ana wazazi wake, mtoto wa watu asiguswe. Dawa ya kutojua majina ya jirani ni kuyajua. Kuyafuta ni kuzidisha ujinga.

Hoja ya tatu ni ya akina mama, nao wana haki ya kuuliza kwa nini daima awe baba. "Arap" na "bin" humtaja mwana wa kiume. Na katika afisi zetu, hata pale "wa" linaporuhusiwa, hutarajiwa lifuatwe na jina la mwanamume. Profesa Maathai alipoachana na mumewe mwaka 1979 alitakiwa aache kulitumia jina la mume, Mathai. Yeye akaongeza herufi moja, likawa Maathai, likawa lake. Herufi moja tu ilimtosha mwanamke huyo kujitetea. Tusiseme basi kwamba herufi mbili si kitu.

Sheria nayo imesonga mbele kidogo. Kwa miaka mingi, kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilizuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja au ithibitishwe kwamba walioana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Katiba yenyewe, ile ya mwaka 2010, husema katika Ibara ya 53 kwamba kila mtoto ana haki ya kupata jina na uraia tangu kuzaliwa. Haikusema nusu ya jina.

Hapa ndipo ninaporudi kwa mpwa wangu, kwa maana hadi sasa nimezungumza kama mwalimu, na yeye aliuliza kama mtoto wa mtu.

Dada yangu alimlea binti huyu peke yake. Hapakuwa na mwanamume aliyekuja kusema "huyu ni wangu", si hospitalini alipozaliwa, si shuleni, si siku yoyote ile. Siku ya kuandikisha mtoto dada yangu aliulizwa jina la baba, akajibu kwamba aandikwe wa mama yake. Baadhi yetu katika ukoo, nami nikiwemo, tulimwambia kwamba anamtia mtoto alama. Tulimshauri atumie jina la babu ili mambo yafichike. Alikataa. Alisema kwamba wazee wetu walikuwa na akina Kamau wa Wanjiku na dunia haikuanguka, na kwamba yeye hana cha kuficha. Aliuza ndizi na maparachichi sokoni miaka kumi na saba, akalipa karo hadi mwisho. Alifariki dunia binti akiwa mwaka wa pili chuoni.

Katika stakabadhi zote alizonazo mpwa wangu hamna hata moja inayoeleza hayo. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kuamka saa kumi za alfajiri. Mahali pa pekee ambapo kazi ya dada yangu imeandikwa ni katika lile neno la herufi mbili, kati ya jina la mwanawe na jina lake. Likiondolewa, majina hayo mawili yatabaki yamesimama kandokando kama wageni kwenye kituo cha basi, na anayeyasoma hatajua kwamba mmoja alimzaa mwenzake.

Hicho ndicho utakachopungukiwa, mwanangu. Uliniuliza nami nimekujibu.

Kwa wenye afisi nina maombi machache, na yote hayana gharama kubwa. Fomu iwe na nafasi moja ndefu ya jina kamili, liandikwe kama mwenyewe alitamkavyo na alipangavyo. Mitambo iruhusiwe kupokea neno fupi, nafasi tupu na ritifaa, kama inavyopokea nambari ndefu za simu bila kunung'unika. Karani asiyelielewa jina amwulize mwenyewe badala ya kulisahihisha. Sisi wa magazeti nasi tuache kuwaita watu "Bwana wa" fulani. Tukihitaji kufupisha, tulitumie jina lao la kwanza, ndilo lao. Na wazazi tuwaeleze watoto wetu majina yao yanasema nini, maana mtoto asiyejua maana ya jina lake atakuwa wa kwanza kukubali likatwe.

Waliotutangulia walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sidhani walimaanisha kwamba mtu asibadilike. Majina yetu yamebadilika mara nyingi, na hata "bin" lilitoka ng'ambo likawa la kwetu. Walimaanisha kwamba asiyeshikamana na mtu yeyote huweza kuchukuliwa na yeyote.

Juzi tulikwenda kwa wakili pamoja. Hati ya kiapo imeandikwa kwamba wale watu watatu ni mmoja, na kwamba jina lake sahihi ni lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kabla ya kutia sahihi, mpwa wangu alilisoma jina hilo polepole kwa sauti, akasita kidogo kwenye "wa", kisha akamalizia kwa jina la mama yake. Wakili akamwuliza kama kuna kosa lolote la kurekebishwa. Akasema hakuna.